Nilivyomtafutia shangazi mtu wa kuondoa theluji

Najua nimekuwa kimya kwa muda, na wapo walioniandikia wakiuliza sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata imepotelea wapi. Itakuja, msijali. Leo nina jambo jingine. Programu imo ndani yake, lakini imo kwa namna ambayo hainipi sifa yoyote, na ndiyo sababu nimeahirisha kuliandika mpaka leo.

Jambo lenyewe ni theluji. Ndiyo, theluji! Mimi mzaliwa wa Nakuru, mkaazi wa Nairobi, ambaye theluji nimeiona kwa mbali tu juu ya Mlima Kenya nikiwa ndani ya matatu ya Nanyuki, nimejikuta nikiajiri wanakandarasi wa kuondoa theluji na barafu huko Minnesota, Marekani. Nimeajiri wawili mpaka sasa. Wa kwanza nilimchagua kwa kompyuta nikiwa nimekaa kitini hapa Nairobi, na nilikosea.

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, ni muuguzi. Aliondoka nikiwa bado shule ya msingi, akafikia Brooklyn Park, mji ulio kaskazini ya Minneapolis na wenye Wakenya wengi. Mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya zamu za usiku katika nyumba za watu wengine, alifungua makao yake mwenyewe ya kutunzia wazee. Ni nyumba ya kawaida ya familia, yenye wazee wanne. Wawili wanatembelea fremu za chuma, mmoja yuko kwenye kiti cha magurudumu, na wa nne huenda hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa sababu ya figo. Gari la kumchukua huyo mzee hufika saa kumi na mbili kamili asubuhi. Kumbukeni hiyo saa.

Agosti mwaka huo akanipigia simu. "Mwanangu, wewe si mtu wa kompyuta? Nitafutie mtu wa theluji." Mnaojua familia zetu mnajua hesabu hiyo. Mtu wa kompyuta ndiye hutengeneza televisheni, hurudisha nywila ya Facebook ya mama na kujaza ritani za KRA za ukoo mzima. Theluji ilikuwa hatua inayofuata tu.

Nikauliza swali la kijinga: kwani huko kila mtu hana sepetu yake? Akacheka, halafu akanieleza. Theluji haingoji mchana. Inaweza kuanza kuanguka saa sita usiku, na gari la mzee linakuja saa kumi na mbili. Usiku yuko na msaidizi mmoja, na huyo haruhusiwi kuwaacha wazee peke yao ndani. Theluji yenye maji ni nzito, na yeye ameshapita miaka hamsini. Halafu kuna sheria. Jirani yao, jiji la Minneapolis, humpa mwenye nyumba ya familia moja au mbili saa 24 tangu theluji ikome awe amesafisha njia ya waendao kwa miguu mbele ya nyumba yake, na majengo mengine hupewa saa nne tu za mchana. Njia hiyo ni ya umma lakini kuisafisha ni kazi yako. Hebu fikirieni kaunti ya Nairobi ikitwambia hivyo kuhusu matope!

Basi nikaingia kazini. Mikataba ya kazi hii ni ya namna mbili kuu. Kuna kulipa kwa kila safari: theluji ikifika kina mlichokubaliana, tuseme inchi 2, anakuja na pikapu yenye bamba kubwa la chuma mbele, anasukuma, anaenda, anakuandikia ankara. Na kuna kulipa kwa msimu: unatoa pesa moja, mara nyingi kuanzia Novemba mpaka Aprili, na yeye anakuja mara zote itakapohitajika, hata zikiwa tatu au hamsini. Wapo wanaochanganya, bei ikipanda kadiri kina kinavyoongezeka. Ukiangalia vizuri utaona kwamba zote mbili ni kamari juu ya hali ya hewa, na tofauti ni nani anayeshika hasara.

Nilipata bei mbili za maana. Mwanakandarasi wa kwanza hakuhitaji hata kuiona nyumba. Nilijaza anwani kwenye tovuti yake, upande wa pili mtu akafungua picha ya setilaiti, akachora mistari kuzunguka maegesho na njia, na baada ya dakika kama kumi nikapata barua pepe: dola 60 kwa kila safari, au dola 1,150 kwa msimu mzima. Chumvi ya kuyeyusha barafu ni kwa ombi la mteja, dola 35 kila mara. Nilifurahi kama mtoto. Huyu ndiye mtu wangu, nikasema, anafanya kazi kama sisi!

Wa pili alijibu baada ya siku nne. Akasema yeye hatoi bei kabla ya kutembea pale kwa miguu yake, na kwamba nyumba ya wazee haifanyii kwa kuhesabu safari, ni msimu tu, na kwa kukisia haitapungua dola 1,900. Nikamwona mtu wa zamani. Sikumjibu.

Kisha nikafungua lahajedwali. Wastani wa theluji katika uwanja wa ndege wa Minneapolis–Saint Paul, kwa hesabu za miaka ya 1991 hadi 2020, ni kama inchi 51 kwa msimu, yaani sentimita 130 hivi. Nikakadiria kwamba wastani huo ungeleta safari 14. Mara dola 60 ni 840. Nafuu kuliko 1,150, nafuu sana kuliko 1,900. Nikamwandikia shangazi jedwali zuri lenye rangi. Mkataba ulipokuja nikausoma mimi kwanza, kurasa tatu, nikamwambia, "Uko sawa shangazi, weka sahihi." Maneno hayo niliyaandika kwa WhatsApp na bado yapo.

Sasa programu. Nilitaka shangazi asiibiwe, kwa hiyo nikaandika kitu kidogo cha kuhakiki ankara. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ina API ya wazi kwenye api.weather.gov. Huhitaji ufunguo wala malipo, unajitambulisha tu kwenye kichwa cha ombi lako kwa User-Agent. Unaipa latitudo na longitudo, inakuambia eneo lako liko kwenye kisanduku gani cha ramani yao, na kutoka hapo unapata utabiri wa theluji, joto na mengineyo. Vipimo vilivyokwisha kupimwa uwanja wa ndege nilivichukua kwenye ripoti zao za kila siku. Kila saa programu yangu inaangalia, ikiona inchi 2 zinakaribia inamtumia shangazi ujumbe, na ankara ikija inalinganisha.

Makosa ya mwanzoni yalikuwa ya kawaida. Utabiri wa theluji unakuja kwa milimita na mkataba uko kwa inchi, kwa hiyo siku ya kwanza nilitangaza gharika. Saa zinakuja kwa UTC, na mimi niko saa tisa mbele ya Minnesota wakati wa baridi (kiangazi chao ni nane, hapo pia nilinaswa). Lakini hitilafu niliyoipenda ni ya Kiswahili kabisa. Shangazi alinitumia sauti: "Njia iwe wazi kufikia saa kumi na moja." Vidole vyangu vikaandika 11:00 kwenye mipangilio. Mtu mwingine yeyote duniani hawezi kufanya kosa hilo! Nililiona siku mbili baadaye, kabla halijaleta madhara.

Januari 2023 programu ilinasa ankara moja. Mwanakandarasi anadai alikuja, inchi 2 zilianguka. Uwanja wa ndege unasema 1.6. Nikamwandikia barua pepe kali yenye jedwali, akafuta zile dola 60, na mimi nikatembea mabega juu wiki nzima.

Leo siamini kama nilikuwa na haki. Uwanja wa ndege uko kusini ya jiji, Brooklyn Park iko kaskazini, kama kilomita 30 kati yake, na theluji haianguki sawasawa kama rangi ukutani. Tena wapimaji wa kweli hupima juu ya ubao mweupe, na hawaufuti zaidi ya mara moja kila baada ya saa sita, kwa sababu theluji hujilalia na kupungua kina kadiri inavyokaa. Dereva anayepima kwa rula saa tisa usiku kwenye maegesho yako anaweza kupata namba nyingine na asiwe mwongo. Mkataba wetu ulisema inchi 2 bila kusema zinapimwa wapi wala na nani. Sisi tunaoandika programu hatungekubali sharti la namna hiyo hata dakika moja.

Na ushindi wangu ulikuwa na bei yake. Tangu siku ile jamaa akawa mwaminifu kwa herufi. Ikianguka 1.9, haji. Mwanzoni alikuwa akipita tu, akifagia vingazi vya mbele bila kuandika ankara. Hilo likaisha.

Msimu ule wa 2022–23, kwa wasiojua, Minneapolis ilipata inchi 90.3, wa tatu kwa wingi tangu waanze kuweka kumbukumbu. Safari zetu zilifika 24, dola 1,440. Wastani niliokuwa nimeutegemea haukuwa msimu wowote, ulikuwa namba tu iliyokaa katikati ya misimu mingine. Lakini hizo ni pesa tu, na zisingenifanya niandike haya.

Mwishoni mwa Februari kulikuwa na siku ya jua. Theluji iliyolala juu ya paa ikayeyuka kidogo kidogo mchana kutwa, maji yakashuka kwa bomba la mfereji, na bomba lile mdomo wake unamwaga pembeni mwa njia inayotoka mlangoni mpaka kwenye maegesho. Usiku baridi ikarudi. Maji yakaganda, tabaka jembamba kama glasi, na linaangaza kwa kupitisha rangi ya saruji iliyo chini yake, hulioni. Wao huliita barafu nyeusi.

Saa kumi na moja alfajiri shangazi alitoka kuwasha gari lake, akafagie kioo, halafu arudi kumtayarisha mzee wa figo. Hatua ya nne au ya tano miguu ikamtoka. Alijikinga kwa mkono wa kulia na kifundo kikavunjika.

Hapa Nairobi ilikuwa saa nane mchana. Binamu yangu ndiye aliyepiga. Nilipomaliza kuongea naye nikafungua kumbukumbu za programu. Theluji iliyoanguka saa 24 zilizopita: sifuri. Utabiri: sifuri. Ujumbe uliotumwa kwa shangazi usiku ule: "Hakuna kazi leo." Nilipitia msimbo mstari kwa mstari nikitafuta hitilafu, natamani ningeipata. Haikuwepo. Kila mstari ulifanya nilichouambia.

Yule mwanakandarasi naye hakuwa na kosa kimkataba. Inchi 2 hazikuanguka. Chumvi ni kwa ombi, na hakuna aliyeomba. Tena kwenye ukurasa wa tatu, ambao niliusoma na kuupitisha, imeandikwa kwamba barafu inayotokana na kuyeyuka na kuganda tena si wajibu wake.

Jioni yao nikampigia shangazi. Nikasema pole, nikaanza kueleza habari ya programu. Akanikatiza. "Mwanangu, afadhali mimi. Dakika ishirini baadaye ningekuwa nimemshika mzee mkono..." Hakumalizia. Akaniuliza mama anaendeleaje.

Nimewaza sana kwa nini sikuliona hilo mapema, na sehemu ya jibu ni lugha. Sisi maneno haya mawili tunayachanganya. Barafu ni ile ya friji na ya kileleni, theluji ni neno la vitabuni. Mwaka 2008 pale Busara, karibu na Nyahururu, mvua ya mawe ilipofunika mlima ukawa mweupe, watu waliita theluji na wengine barafu na hakuna aliyejali. Kule ni kazi mbili tofauti. Theluji inakuja kutoka juu, ina kina, inapimika, unaisukuma kando. Barafu inaweza kuzaliwa pale pale mlangoni kwako bila wingu hata moja, na ikishashika saruji sepetu haiiwezi. Cha kushangaza, ile API ina sehemu mbili tofauti, moja ya theluji na moja ya mkusanyiko wa barafu. Niliiona hiyo ya pili nikaipita. Hata ningeitumia isingesaidia, kwa sababu inatabiri barafu ya mvua inayoganda. Haijui bomba la mfereji wa shangazi linamwaga wapi. Picha ya setilaiti nayo haikujua, ilipigwa kiangazi na inaonyesha nyasi za kijani.

Shangazi alipotolewa plasta alinunua chumvi magunia na kuimwaga kama ya chipsi. Nikasoma kuhusu chumvi nayo. Haichomi barafu; inashusha kiwango ambacho maji huganda, basi. Chumvi ya kawaida, saruji ikishapoa chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, haifanyi tena kazi ya maana, na usiku wa kawaida wa Januari kule hushuka mpaka nyuzi 13 chini ya sifuri. Hapo unahitaji chumvi za aina nyingine, kama za magnesi au kalisi, au mchanga ili viatu vishike. Shirika la jimbo la kudhibiti uchafuzi, MPCA, linasema kikombe kimoja cha kahawa kinatosha miraba kumi ya njia ya miguu, na kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinachafua galoni tano za maji moja kwa moja, maana hakuna njia rahisi ya kuitoa tena. Linatoa hata mafunzo na vyeti kwa wanaofanya kazi hiyo. Sikuwahi kumuuliza yule wa kwanza kama anacho.

Septemba 2023 nikamtafuta yule mtu wa zamani. Nilikuwa na aibu kidogo, lakini hata hakunikumbuka. Akasema atakuja Oktoba kabla ardhi haijaganda. Shangazi akamfuata na simu mkononi, video ya WhatsApp imewashwa, mimi nikiangalia kutoka Nairobi usiku.

Hakugusa tepu ya kupimia kwa nusu saa ya kwanza. Alizunguka nyumba akiangalia juu. Alipofika kwenye bomba la mfereji akasimama, akaangalia mdomo wake, akaangalia njia, akaangalia mkono wa shangazi. "Ilikuwa hapa?" Shangazi akasema ndiyo. Akamwambia anunue kipande cha bomba la plastiki la kurefushia, aligeuze maji yaende kwenye nyasi. Ilimgharimu shangazi chini ya dola 20. Mimi nilikuwa nimeandika mistari karibu elfu moja ya msimbo.

Halafu akauliza theluji ya mwaka jana ilikuwa inarundikwa wapi. Shangazi akamwonyesha upande wa juu wa maegesho. Akatikisa kichwa. Rundo la juu likiyeyuka mchana maji yanakatiza maegesho yote kwenda chini, usiku yanaganda. Lirundikwe upande wa chini. Akachomeka vijiti vyenye utepe wa kung'aa kando ya maegesho yote, ili dereva ajue ukingo uko wapi kila kitu kikiwa cheupe. Ardhi ikishaganda huwezi tena kuvichomeka. Akauliza gari la mzee linafika saa ngapi, linasimama upande gani, mzee anatokea mlango upi. Akauliza mlango wa dharura ni upi, maana huo pia lazima uwe wazi hata kama hautumiki. Akasema njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu ataifanya kwa mkono, si kwa mashine. Akataja pia lile tuta ambalo greda la mji huliacha mdomoni mwa maegesho likipita barabarani, saa mbili baada ya wewe kusafisha. Kwake, kurudi kuliondoa ni sehemu ya kazi. Kwa yule wa kwanza ilikuwa dola 60 nyingine.

Mkataba wake ulikuwa ukurasa mmoja na nusu. Dola 1,900 kwa msimu. Theluji ikifika inchi 1 anakuja, na kipimo ni maegesho yetu, si uwanja wa ndege. Na kuna sentensi ambayo niliisoma mara nyingi: kila siku ambayo joto limevuka kiwango cha kuganda, juu au chini, mtu wake atapita kabla ya saa kumi na moja alfajiri kuangalia barafu, hata kama hakuna theluji. Cheti cha bima, ile inayolipa mtu akiumia kwa uzembe wao, kilitumwa na wakala wa bima moja kwa moja kwa shangazi, hakikupitia mikononi mwake. Niliuliza kwa nini. Akasema cheti cha zamani ni rahisi kubadilisha tarehe.

Mimi nikaomba kitu kimoja tu: picha mbili kila wanapopita. (Ushauri wa bure: mkitumia picha kama ushahidi, msitumiane kwa WhatsApp kama picha za kawaida. Inaondoa taarifa zilizofichwa ndani ya faili, saa na mahali, zote zinapotea. Ziende kwa barua pepe au kama hati.)

Basi ukaja msimu wa 2023–24. Mnajua kilichotokea? Jua! Ulikuwa msimu wa baridi wenye joto kuliko wote katika kumbukumbu za Minnesota. Minneapolis ilipata chini ya inchi 30 msimu mzima, na sehemu kubwa ya hizo ilianguka mwishoni mwa Machi watu walipokwisha kuweka sepetu stoo. Januari shangazi akanipigia, na sauti naijua. "Mwanangu, nimelipa dola elfu moja mia tisa jua liwake?" Kwa hesabu ya kila safari, nusu ya kwanza ya msimu isingefika hata dola 300. Baba naye akapata la kusema kwenye mazishi ya jirani, mbele ya watu, kuhusu kijana wake anayeajiri watu wa theluji mahali pasipo na theluji.

Usiku ule nikafungua folda ya picha. Kufikia siku hiyo walikuwa wamepita asubuhi 41. Picha themanini na mbili za saruji. Saruji tupu, kijivu, taa ya barabarani pembeni, saa tisa na nusu, saa kumi kasorobo. Ni picha zinazochosha kuliko zote nilizowahi kuhifadhi. Nikazipitia moja moja. Katika asubuhi tisa unaona chembe nyeupe za chumvi zimetawanywa mahali padogo, mlangoni, au pale karibu na bomba la zamani, au chini ya ukingo wa paa la gereji. Asubuhi nyingine 32 mtu alishuka kwenye gari, akaangalia, akapiga picha, akaenda. Niliangalia tarehe za zile tisa na za miadi ya mzee. Nne zilikutana.

Nikamtumia shangazi zile picha nne bila maelezo. Hakujibu mpaka kesho yake, akaandika, "Sawa." Agosti iliyofuata aliweka sahihi tena mwenyewe, hakuniuliza.

Programu bado inaendelea. Niliifuta ile sehemu ya kuhakiki ankara na ile ya kutuma "Hakuna kazi leo". Iliyobaki inapokea picha, inasoma saa, inaziweka kwenye folda kwa tarehe. Tahadhari ya baridi haihitajiki tena, maana kifundo cha shangazi huanza kuuma siku moja kabla, naye hunipigia kuniambia kabla ya idara ya hali ya hewa.

Haya, niishie hapa. Sehemu ya pili ya hifadhidata nitaiweka wiki ijayo, Mungu akipenda na stima isipopotea. Na kama kuna msomaji aliye huko kwenye baridi na ana mkataba wa namna hii mkononi, hebu aangalie umesema nini kuhusu barafu, kisha aniandikie.